Bibi Harusi, Mkulima na Mkanda wa Ngulyati

Mimi si mtu wa subira, na hilo mume wangu alilijua kabla hajatoa mahari. Kwa hiyo shemeji yangu Jabiri, fundi wa kompyuta wa Mwanza, aliponiletea kompyuta yangu ya kwanza na kunipa wiki tatu za kuchagua programu moja ya kuhariri video kati ya mbili, nilimwambia nitakuwa nimechagua kabla chai haijapoa. Alicheka. Alisema diski ni ndogo, programu zote mbili zikikaa humo hapabaki nafasi ya maana ya kufanyia kazi, na nikichagua kwa pupa nitajuta peke yangu wakati yeye yuko kwake anakula sangara. Akaziweka zote mbili kwa majaribio, akapanda basi akaniacha nazo.

Huo ulikuwa mwaka 2005, hapa Bariadi, tukiwa bado mkoa wa Shinyanga. Biashara ilikuwa imeachiwa huria na kila mtu alikuwa mfanyabiashara wa kitu fulani. Waliokuwa makarani wa chama cha ushirika walikuwa sasa wananunua pamba kwa mizani zao wenyewe, mwalimu aliyenifundisha darasa la sita alikuwa na banda la video, na mimi, binti wa muuza vitenge, nilikuwa na studio nyuma ya soko, mlangoni nimeandika kwa rangi nyekundu: Zamda Video. Kwa miaka saba nilihariri kwa deki mbili, moja inacheza, nyingine inarekodi, kidole kikiwa juu ya kitufe kama mtu anayesubiri kumpiga nzi. Ukikosea unaanza upya. Nilikosea sana.

Programu ya kwanza niliiita Bibi Harusi, maana ilikuja imejipamba. Picha ilifunguka kama ukurasa wa kitabu ikaja nyingine, maua yalidondoka, mioyo ilipaa, na mtu aliyekuwa anakimbia ungeweza kumfanya aende polepole kama yumo ndani ya maji. Ungeweza pia kuchukua sauti ya mahali pamoja ukaitandika chini ya picha za mahali pengine, na mtazamaji asijue palipoungwa. Vipande usivyovitumia ilivitupa yenyewe ili kuokoa nafasi.

Ya pili niliiita Mkulima. Mkulima hakujua pambo hata moja. Aliuchukua mkanda mzima kama ulivyo, pamoja na pale ninapohangaika kutafuta kifuniko cha lenzi, akautunza wote bila kuacha kitu. Alijua kukata na kuunga tu, na kila alipounga, kovu lilionekana. Tena alikuwa mzito kama trekta la ushirika.

Nilichana karatasi ya daftari nikaipiga mstari katikati, faida huku, hasara kule. Faida za Bibi Harusi zilijaa hadi nikageuza upande wa pili. Kwa Mkulima niliandika "haikwami", nikakaa natafuna kalamu. Hasara zake ndizo zilizokuja zenyewe: anakula nafasi, mzito, sura mbaya, wateja watanikimbia. Maharusi wa Bariadi walikwisha kuona mikanda ya Dar es Salaam, na kila mmoja alitaka ajione anazungukwa na njiwa. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na mimi sikuwa na miguu ya kutembeza Mkulima mtaa kwa mtaa.

Hata hivyo nilitaka kutenda haki, nikaamua kuzijaribu zote mbili kwa mkanda mmoja. Nikachukua mkanda wa mashindano ya ngoma ya Ngulyati.

Mashindano hayo hufanyika mwezi wa saba, pamba ikiisha kuuzwa. Makundi mawili yanakaa pande mbili za uwanja mmoja na kupiga ngoma kwa wakati mmoja. Hakuna hakimu mwenye kalamu. Hakimu ni miguu ya watu: kundi linalovutia zaidi linafuatwa, na likizidiwa linaachwa, mpaka jioni upande mmoja watu wanakanyagana na upande mwingine ni vumbi tupu. Mwaka ule walikutana mzee Machibya wa kundi la Bagalu na mzee Salu wa kundi la Bagika. Kila mmoja alikuwa ningi, yaani mtunzi na kiongozi wa nyimbo za kundi lake, na walikuwa wakishindana tangu nikiwa msichana wa shule. Kila mmoja pia alikuwa na mganga wake na dawa zake za kuvuta watu, jambo ambalo katika ngoma za huku halifichwi, ni kama timu ya mpira kuwa na kocha. Mimi nilisimama juu ya mkokoteni katikati, nageuza kamera huku na huku.

Jioni, Machibya akicheza, alianguka. Hospitali walisema ni kiharusi kilicholetwa na presha. Alirudishwa kwake mkono na mguu wa kulia vimekufa, ulimi mzito, na hakukumbuka chochote cha jioni ile. Katibu wa kundi lake, kijana mwenye adabu anayeitwa Dastan, alinijia akaniomba nimtengenezee mzee mkanda apate kuyaona mashindano yake, ajiburudishe.

Nilimhurumia yule mzee, kusema kweli, na nikataka kumpa kitu kizuri. Mkulima nilimlisha mkanda wote, akaumeza, nikatazama dakika tano nikamwacha hapo hapo. Kwa Bibi Harusi nilikaa siku nne. Picha zilikuwa zinaruka kutoka kwa Machibya kwenda kwa Salu, kutoka kwa Salu kurudi kwa Machibya, sawa kwa sawa, ili asionekane yeyote amezidiwa. Sauti ya asili niliizima tangu mwanzo kwa sababu ilijaa upepo, na badala yake nikachukua ngoma ya Salu ya asubuhi, iliyokuwa safi, nikaitandika chini ya mkanda wote. Pale Machibya anapoanguka niliifanya picha iende polepole. Nilidhani nampa heshima. Kilichofuata, watu wanasukumana na kamera inatikisika, nilikitupa chote, na ukurasa ukafunguka ukaja uso wa Machibya akiwa anacheka asubuhi ile.

Nilipoutazama machozi yalinitoka kwa ajili ya ufundi wangu mwenyewe. Nikampa Dastan diski yake, na ule mkanda wa asili, kwa kuwa mikanda ilikuwa ghali, nikarekodia juu yake harusi moja ya Kiloleli.

Alhamisi ya wiki ya tatu Jabiri alirudi. Nilimwambia nimechagua Bibi Harusi na Mkulima aondoke, akaketi kwenye kompyuta aanze kazi. Ndipo mlangoni akasimama mama mmoja mrefu, miguu imejaa vumbi la Ngulyati. Nikamwamkia kama mama yangu, kwa Kisukuma, "Mwangaluka mayu," akaitikia, akaniuliza habari ya nyumba, ya mume, ya watoto, ya mama yangu mzazi, kisha habari ya nyumba tena, kama ilivyo desturi, na mimi nilijibu moja moja ingawa moyo ulikuwa kwa Jabiri. Alikuwa Milembe, mke wa mzee Machibya. Nilidhani amekuja kushukuru.

"Ng'wanawane, mwanangu," alisema, "wewe ulikuwepo siku ile. Mzee alipoanguka, ngoma ya Salu ilisimama au iliendelea?"

Nilikumbuka vumbi, na kiwiko cha mtu kilichonipiga mbavuni, na jinsi nilivyoikumbatia kamera isidondoke. Ngoma sikuikumbuka.

Milembe akanieleza, taratibu, bila kunilaumu, na ndiyo maana maneno yake yaliniuma zaidi. Kwa wachezaji wa kwao, mpinzani wako akianguka uwanjani unanyamazisha ngoma palepale. Ukiendelea kupiga, umewatangazia watu kwamba wewe ndiye uliyemwangusha kwa dawa yako na unafurahi. Na katika mkanda wangu Machibya anaanguka polepole, polepole kabisa, na ngoma ya Salu inalia juu yake kama ya harusi.

Salu na Machibya walichunga ng'ombe pamoja utotoni. Uwanjani walitukanana kwa nyimbo, jioni wakala ugali sahani moja. Tangu Machibya augue, Salu alikuwa anakuja kila siku kumbeba na kumwogesha, kwa sababu watoto wa kiume wa nyumba ile wako mbali na Milembe hawezi kumnyanyua peke yake. Tangu mkanda ule uonyeshwe nyumbani, Machibya alikuwa amemfukuza Salu mlangoni. Halafu vijana wa kundi nao wakaanza maneno. Walisema presha haiji yenyewe, ina aliyeituma. Walisema nyumba ya Salu ni ya nyasi na kiangazi ni kikali. Dastan alikuwa anawazuia, lakini walikuwa na kikao chao Jumapili, na mzee mwenyewe alipoulizwa alisema tu kwamba ameisikia ngoma mkandani kwa masikio yake. Watu wa Salu waliapa kwamba ilisimama, lakini hakuna aliyewaamini, na watu wa Machibya wakati ule walikuwa wamemwinamia mzee wao, hawakuwa na masikio ya ngoma.

Ngoma yenyewe ilikuwa yangu. Mimi ndiye niliyeitandika pale, kwa mikono hii, kwa sababu ya upepo.

Nikageuka. "Jabiri, umeshamfuta Mkulima?"

"Bado shemeji, ndiyo naanza."

"Toa mkono hapo."

Alitoa kana kwamba kipanya kimemuunguza. Nikaketi mimi, nikamfungua Mkulima, na ule mkanda wa Ngulyati ulikuwamo, saa nzima, na upepo wake na vumbi lake, pamoja na mguu wangu nilipoupiga picha kwa bahati mbaya. Katika dunia yote haukuwepo mahali pengine. Nilimwita Milembe akae karibu nami, nikausogeza mkanda hadi jioni.

Kitu cha kwanza tulichokiona hakikuwa ngoma. Upande wa Machibya ulikuwa mtupu. Watu wote walikuwa wamehamia kwa Salu, wamejipanga hadi juu ya miti, na mbele ya Machibya walibaki wachezaji wake na watazamaji wachache sana. Hilo nililijua nilipokuwa nahariri. Ndiyo maana nilizirusha picha sawa kwa sawa. Machibya alikuwa anaimba kwa sauti iliyokwisha kukauka, anaruka juu kama kijana, anawaita watu warudi, na hawarudi. Akaruka tena. Alipotua, mguu haukumpokea.

Na ngoma ikasimama. Haikumalizia hata pigo lake. Palisikika upepo, mtoto analia mahali fulani, halafu sauti ya mtu mmoja inaita jina la Machibya, mara ya kwanza, mara ya pili, na Salu akatokea anawasukuma watu wake mwenyewe kwa viwiko. Alipiga magoti. Akavua kofia yake ya manyoya akamkinga Machibya jua usoni. Picha ikaanza kutikisika, lakini kabla haijatikisika ilionyesha pia kwamba nguo ya Machibya imelowa. Milembe alinyoosha mkono akaweka kiganja juu ya kioo, hapo alipolala mumewe.

Jabiri alikwenda nje bila kuambiwa, Mungu ambariki.

Kisha Milembe akaniuliza kama ninaweza kubakiza ngoma inaposimama tu, na kuondoa ule upande mtupu, na ile nguo. Alisema yeye ndiye aliyemwambia mzee kwamba siku ile watu walikuwa nusu kwa nusu. Ndicho kitu pekee kilichokuwa kinamfanya ale. Mkanda wangu ulikuja ukamuunga mkono.

Ningeweza. Kwa Bibi Harusi ingekuwa kazi ya dakika kumi na hakuna ambaye angeona palipokatwa. Na nilitaka, wallahi nilitaka, kwa sababu yule mama alikuwa na haki ya kumfichia mumewe aibu. Lakini nilishamfichia mara moja, na tazama palipotufikisha. Nikamwambia kwamba mkanda wa kwanza niliukata kwa huruma, na nikiukata huu nao, vijana watauliza kilichokatwa ni nini, na sitakuwa na mdomo wa kuapa.

"Atajua watu walimwacha," alisema.

"Atajua, mayu."

Mimi nisiye na subira nilimsubiri, nikisikia muuza mkaa anapiga kelele sokoni.

"Aibu mtu anaishi nayo," alisema mwishowe. "Salu akichomewa nyumba kwa neno la mume wangu, hilo mwenyewe hataishi nalo. Peleka wote."

Kusema ni rahisi. Jabiri alipojaribu kuutoa mkanda wa Mkulima kwenda kwenye diski ya kuchezea, kompyuta ilikataa, nafasi hakuna. Njia ilikuwa moja, kumwondoa Bibi Harusi pamoja na kazi zote alizozibeba, na alikuwa amebeba ile harusi ya Kiloleli, karibu imekamilika, na njiwa wake. Ningelazimika kuianza upya kwa Mkulima, bila njiwa, na kumweleza bibi harusi kwa nini. Jabiri alinitazama, akaniuliza kama nina hakika. Nilimjibu kwamba kama anataka kuniona nalia afanye haraka, na kama hataki afanye haraka zaidi. Akabonyeza. Yule bibi harusi wa Kiloleli hanisalimii hadi leo, na simlaumu.

Jumamosi asubuhi tulikodi pikapu kwenda Ngulyati, mimi, Milembe, televisheni ndogo na mashine ya kuchezea diski. Badala ya jenereta nilibeba betri ya gari, kwa kuwa jenereta lingetuzuia kusikia kile tulichokwenda kusikia. Njiani Milembe alinishika mkono mpaka kwake.

Mzee Machibya alikuwa amekalishwa kwenye kiti, mito ya magunia huku na huku. Nilimkumbuka alivyoujaza uwanja peke yake, na sasa shati lilikuwa linamning'inia. Dastan alikuwapo, amesimama ukutani na mikono kifuani. Nilipiga goti nikamwamkia mzee, nikasema kosa langu kabla mtu hajaketi. Nilisema ngoma waliyoisikia niliichukua asubuhi nikaiweka jioni. Nilisema picha niliipunguza mwendo, na nilikata alipokuja Salu, na nilifanya yote hayo nikidhani napamba. Machibya alinitazama tu. Dastan alisema kwa sauti ya chini kwamba kumbe nilitunga, na mimi nikasema ndiyo, nilitunga.

Nikawasha. Nilitamani nitazame chini lakini nikamtazama mzee. Aliutazama upande wake mtupu. Alijitazama anaimba, anaruka. Alipoanguka hakupepesa jicho. Ngoma ikasimama, upepo ukavuma ndani ya chumba kile, mtoto akalia, Salu akaita. Milembe alijifunika uso kwa khanga.

Nilidhani yameisha. Nilizima nikavuta pumzi, na Dastan akaongea, wala hakuwa na ukali.

"Dada Zamda, mimi siyo mbishi. Lakini aliyeongeza ngoma anaweza kuiondoa. Jumapili vijana wataniuliza hivyo, nami sitakuwa na jibu."

Maji yakimwagika hayazoleki. Nilikuwa nimemwaga imani ya watu wale kwa sababu ya upepo kidogo, na sasa hata ukweli wenyewe nilioubeba kwenye pikapu ulikuwa unafanana na ufundi wangu. Niliona nyumba ya nyasi ya mtu ambaye sijawahi hata kuzungumza naye.

Machibya akainua mkono wa kushoto.

"Rudisha," alisema. Neno lilitoka zito, nusu yake likabaki mdomoni.

Nikarudisha hadi alipoanguka. Akatikisa kichwa.

"Nyuma."

Nikarudisha zaidi. Akatikisa tena, mpaka nikafika pale jioni inapoanza na upande wake umeachwa. Hapo akaninyooshea kidole nisimamishe. Picha ikaganda. Alisogeza shingo mbele, akaanza kuwahesabu watazamaji waliobaki kwake, kidole kimoja kimoja, taratibu, wa kwanza, wa pili, mzee mmoja mwenye kigoda, wanawake wawili na mtoto mgongoni. Alifika wanane. Akatafuta wengine hakuwaona. Nilitaka ardhi inimeze.

"Hawa tu?" aliuliza.

"Hawa tu, baba."

"Hukuwapunguza?"

"Hapana. Kwenye ule mwingine ndiko nilikokuongezea."

Chozi lilimtoka jicho la upande mzima, likashuka bila yeye kulifuta, na Milembe alipotaka kumfuta akamzuia. Aliutazama tena ule umati uliokanyagana upande wa pili, watu wa Ngulyati, watu aliowaimbia tangu ujana, wote wamempa migongo. Halafu nusu ya uso wake ikacheka. Kilikuwa kicheko kibaya kukitazama lakini kilikuwa kicheko.

"Dastan," alisema.

Dastan akasogea.

Mzee aliyatafuta maneno yake moja moja, na sisi tulimsubiri. "Mtu aliyekwisha kunishinda," alisema, "aniroge apate nini?"

Dastan aliangalia kioo, akaangalia wale watu wanane, akamwangalia ningi wake. Niliona mabega yake yanashuka.

"Kesho watakuuliza kuhusu ngoma," Machibya aliendelea. "Achana na ngoma. Waambie Machibya alishindwa. Nenda kwa Salu sasa hivi. Mwambie alinishinda kabla sijaanguka."

Dastan alimtazama Milembe kama anayeomba msaada, kisha akamwuliza mzee, kwa heshima, kama anaweza kumnong'oneza Salu peke yake, kwa sababu hajawahi kusikia Mgalu akipeleka neno kama hilo kwa Mgika. Watu wangeimba neno hilo miaka kumi.

"Usimnong'oneze," alisema Machibya. "Simama nje kwake. Sema kwa sauti, majirani wote wasikie."

Dastan alichukua baiskeli yake. Tulisikia mnyororo ukilalamika hadi barabarani. Mimi nilianza kukunja nyaya ili mtu asione ninavyolia, na mzee aliniita, akaomba kiti chake kigeuzwe kitazame mlango, ule ule aliomfukuzia Salu. Milembe alishika upande mmoja, nami nikashika mwingine.